MICHEZO YA KUUZWA NA MFUMO WA LINUX: NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome kwanza peke yake, kisha alisome pamoja na wanafunzi, fungu moja moja.

Aliye karibu na ubao aandike neno hili kwa herufi kubwa: LINUX. Ni herufi tano tu. Litamkeni pamoja: Li-nuks. Sasa liandikeni katika daftari zenu, maana leo tutalitumia mara nyingi.

Watu wazima wengi wakisikia habari za michezo ya kompyuta hucheka. Husema, "Hayo ni mambo ya watoto." Huenda wewe nawe wasema hivyo. Lakini ngoja kidogo. Mchezo wa kompyuta ni bidhaa kama sukari au baiskeli. Hutengenezwa na mafundi, pengine mamia kwa mchezo mmoja, na huuzwa kwa fedha. Fedha hiyo hutoka mfukoni mwa mtu. Labda ni mwanao aliyeanza kazi mwezi uliopita. Labda ni wewe mwenyewe, umemnunulia.

Basi mnunuzi wa bidhaa yoyote yafaa ajiulize maswali mawili kabla ya kulipa. La kwanza: je, kitu hiki kitafanya kazi nyumbani kwangu? La pili: nikisha kukilipia, ni nani atakayeshika ufunguo wake, mimi au muuzaji? Somo la leo ni juu ya maswali hayo mawili.

FUNGU LA KWANZA: MSIMAMIZI WA KOMPYUTA

Tazama kompyuta iliyo mezani. Ina kioo cha kuonyesha picha, ina vibonyezo vya herufi, ina spika ya kutoa sauti, na ndani yake mna ghala ya kuwekea kumbukumbu. Hivyo vyote ni kama wafanyakazi wa bandarini. Wana nguvu, lakini hawajui wafanye nini mpaka msimamizi aseme. Msimamizi huyo ni programu kubwa iitwayo mfumo endeshi. Mchezo ukitaka kuchora picha kwenye kioo, haumwendei mfanyakazi moja kwa moja. Humwomba msimamizi, naye hutoa amri.

Wasimamizi ni wengi. Ajulikanaye zaidi mezani ni Windows, mali ya kampani ya Microsoft ya Marekani. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1985. Windows huuzwa, na siri ya utengenezaji wake hubaki kwa mwenyewe.

Linux ni wa namna nyingine. Mwaka 1991 kijana mmoja wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Ufini, alianza kuiandika kwa kompyuta yake ya nyumbani. Kisha akaitoa kwa watu wote. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni inayosema hivi: mtu yeyote aweza kuichukua, kuisoma, kuibadili na kuwagawia wengine, ila naye asiwafungie wengine mlango huo. Leseni hiyo, pamoja na viungo vingi vinavyokamilisha kazi ya Linux, vilitoka katika shughuli ya GNU iliyoanzishwa na Richard Stallman huko Marekani mwaka 1983. Programu za namna hii twaziita programu huria.

Faida ya uhuru huo hata sisi tumeiona. Katika mradi ulioitwa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walichukua programu huria za kazi za ofisi, wakazitia Kiswahili. Zilitoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye mali, kwa sababu leseni ilikwisha kuwaruhusu.

Wala usidhani kwamba Linux ni dhaifu kwa kuwa hailipiwi. Tangu mwezi wa Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kubwa kuliko zote duniani, katika orodha yao itolewayo kila mwaka mara mbili, zimekuwa zikiendeshwa na Linux. Na kama mfukoni una simu ya Android, moyo wa simu hiyo ni Linux.

Basi swali lazuka lenyewe. Ikiwa Linux yaweza kuendesha mitambo mikubwa kuliko yote, kwa nini kwa miaka mingi haikuwa na michezo ya kuuzwa?

FUNGU LA PILI: LUGHA MBILI NA BASI LISILOFIKA

Sababu ya kwanza ni lugha. Fikiri mzee mmoja atokaye Shinyanga, ajuaye Kisukuma tu. Amefika Unguja mbele ya karani ajuaye Kiswahili tu. Mzee si mjinga, na karani si mjinga. Lakini kazi haiendi, kwa sababu hawaelewani.

Ndivyo ilivyo kwa mchezo na msimamizi wa kompyuta. Mchezo uliotengenezwa kwa Windows huomba mambo kwa lugha ya Windows. Tena tangu mwaka 1995 Microsoft imekuwa na lugha yake maalum ya michezo, iitwayo DirectX. Kwa lugha hiyo mchezo huagiza picha, sauti na mengineyo. Linux haikuzaliwa na lugha hiyo.

Sababu ya pili ni hesabu ya biashara. Wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu. Hii ni mfano tu. Tuseme mchezo mmoja umenunuliwa na watu 100,000. Tuseme katika kila wanunuzi 100, wawili wanatumia Linux. Wanunuzi wa Linux watakuwa wangapi? Naam, 2,000. Kila mmoja amelipa dola 20. Jumla ni dola 40,000. Mwenye duka amekata dola 30 katika kila 100, yaani 12,000. Zimebaki 28,000. Sasa, kama mafundi wa kuutafsiri mchezo huo kwa Linux na kuutunza wanataka dola 50,000, mwenye mchezo amepata hasara ya dola 22,000. Je, utamlaumu akikataa?

Lakini angalia mzunguko uliopo hapa. Dereva wa basi asema, "Sipeleki basi katika kijiji kile, maana hakina abiria." Wanakijiji nao wasema, "Hatusimami barabarani, maana hakuna basi." Kila mmoja asema kweli, na wote wakaa walipo. Watengenezaji wa michezo hawakuleta michezo katika Linux kwa kuwa wachezaji walikuwa wachache. Wachezaji hawakuhamia Linux kwa kuwa michezo haikuwako. Jambo hili lilidumu miaka mingi.

Mzunguko kama huu huvunjika kwa njia mbili tu. Ama mtu mmoja akubali hasara kwanza, ama ipatikane njia ya kuwafikisha abiria bila kungoja basi. Njia zote mbili zilijaribiwa. Tuanze na ya kwanza.

FUNGU LA TATU: WALIOJARIBU KWANZA

Mwaka 1993 kampani ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo wa Doom, uliopata sifa kubwa sana. Mwaka uliofuata, 1994, Doom iliwekwa katika Linux. Mafundi wakaona kwamba jambo hili lawezekana.

Mwaka 1998 ilianzishwa huko California kampani iitwayo Loki Software. Kazi yake ilikuwa moja: kuchukua michezo iliyokwisha kujulikana katika Windows, kuitafsiri kwa Linux, na kuiuza dukani ndani ya sanduku. Mchezo wake wa kwanza, Civilization: Call to Power, ulitoka mwaka 1999. Mingine ilifuata. Wapenzi wa Linux walifurahi, lakini wanunuzi hawakutosha. Mwezi wa Agosti 2001 Loki ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi, na mwezi wa Januari 2002 ilifunga milango.

Hata hivyo si kila kitu kilipotea. Fundi wake mmoja, Sam Lantinga, alikuwa ameanza mwaka 1998 chombo kiitwacho SDL. Chombo hiki huusaidia mchezo kuagana na kioo, sauti na vibonyezo bila kujali msimamizi ni nani. Kwa kuwa ni programu huria, hakikuzikwa pamoja na kampani. Kingali kinatumika mpaka leo, katika michezo mingi sana. Duka lilikufa, lakini jembe likabaki shambani.

Jambo jingine la kukumbuka lilitokea mwaka 2010. Kifurushi cha michezo midogo kiitwacho Humble Indie Bundle kiliuzwa kwa njia ya ajabu: mnunuzi alipe anachotaka mwenyewe. Hesabu ilipofungwa, ilionekana kwamba watu wa Linux, kwa wastani, walilipa zaidi kuliko watu wa Windows. Kwa hiyo wale waliokuwa wakisema, "Watu wa Linux wamezoea vya bure, hawatalipa," walipata jibu. Tatizo halikuwa ubahili. Tatizo lilikuwa uchache.

FUNGU LA NNE: MKALIMANI

Sasa turudi kwa yule mzee wa Shinyanga. Je, ni lazima ajifunze Kiswahili kabla ya kuhudumiwa? Hapana. Aweza kuletewa mkalimani. Mzee aseme kwa Kisukuma chake, mkalimani amwambie karani kwa Kiswahili, na jibu lirudi vivyo hivyo. Mzee hatabadilika hata kidogo, na kazi itakwenda.

Mkalimani wa kompyuta aliyefanya kazi hii anaitwa Wine. Kazi ya kumtengeneza ilianza mwaka 1993, na kwa miaka mingi imeongozwa na Alexandre Julliard. Programu ya Windows inapoomba jambo kwa lugha yake, Wine husikia, hulitafsiri, na kulipeleka kwa Linux. Lakini lugha ya Windows ni pana, na kamusi yake haikutolewa kamili kwa wageni. Wakalimani walilazimika kukisia na kupima neno kwa neno. Toleo waliloliita 1.0 lilitoka mwaka 2008, yaani miaka 15 baada ya kuanza! Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hapo, michezo mikubwa ilikuwa bado inasumbua. Mtu alihitaji ufundi mwingi kuianzisha, na pengine ilikwenda kwa kuchechemea.

Mabadiliko yaliletwa na mwenye duka. Kampani ya Valve ya Marekani ilianzishwa mwaka 1996 na watu wawili waliokuwa wafanyakazi wa Microsoft, Gabe Newell na Mike Harrington. Mwaka 2003 ilifungua duka la michezo kwenye intaneti liitwalo Steam, ambalo likawa kubwa sana. Duka hilo lilisimama juu ya Windows. Mwaka 2012 Microsoft ikatoa Windows 8, ikiwa na duka lake lenyewe ndani. Newell alisema hadharani kwamba Windows 8 ni balaa kwa wote wafanyao kazi ya kompyuta za mezani.

Waona alichoogopa? Mwenye nyumba akifungua duka mlangoni, mpangaji mwenye duka uani huanza kutafuta kiwanja chake mwenyewe. Kiwanja cha Valve kilikuwa Linux, maana Linux haina mwenye nyumba wa kumfukuza mtu.

Mwezi wa Februari 2013 Steam ikafunguliwa rasmi katika Linux. Mwezi wa Novemba 2015 yakaanza kuuzwa makasha yaliyoitwa Steam Machine. Hizo zilikuwa kompyuta za sebuleni zenye Linux, zilizotengenezwa na kampani mbalimbali. Hazikufanikiwa. Sababu unaijua tayari: michezo ilikuwa michache, na basi halikufika kijijini.

Lakini Valve haikuacha. Badala ya kuwasihi watengenezaji wajifunze lugha mpya, iliamua kumwimarisha mkalimani. Ilifanya kazi pamoja na kampani ya CodeWeavers, ambayo ina mafundi wa Wine, na tarehe 21 Agosti 2018 ikatoa programu iitwayo Proton. Ndani ya Proton mna Wine, na mna mkalimani wa pili aitwaye DXVK, aliyeanzishwa na fundi Philip Rebohle. Kazi ya DXVK ni picha tu. Huchukua maagizo ya picha ya Windows na kuyageuza yawe ya lugha mpya iitwayo Vulkan, iliyotoka mwaka 2016, ambayo kadi za picha za siku hizi huielewa katika Windows na katika Linux. Kwa ajili hiyo picha zilianza kwenda mbio, tena mchezaji hakuhitaji ufundi. Alibonyeza kitufe kimoja, mchezo ukaanza.

Ndipo mwezi wa Februari 2022 Valve ikatoa Steam Deck, kompyuta ndogo ya kushikwa mikononi, yenye Linux ndani. Ile ya bei ndogo iliuzwa dola 399. Wengi walioinunua hawakujua kwamba wanatumia Linux, wala hawakujali. Walitaka kucheza, na michezo ikachezeka. Safari hii basi lilipofika, lilikuta barabara tayari.

FUNGU LA TANO: HALI ILIVYO SASA

Steam huwauliza baadhi ya wateja wake kila mwezi watumia kompyuta gani. Mwaka 2018, kabla ya Proton kutoka, watu wa Linux hawakutimia hata mmoja katika kila mia. Mwezi wa Oktoba 2025, kwa mara ya kwanza, walipita kidogo watatu katika kila mia. Labda utasema, "Watatu tu! Windows wana zaidi ya tisini." Ni kweli. Lakini mkulima aliyepata gunia moja zamani, akapata matatu leo, haoni haya. Tena kwa duka lenye mamilioni ya wateja, watatu katika mia ni watu wengi.

Mwezi huo huo wa Oktoba 2025, tarehe 14, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa njia ya kawaida. Kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Watu wenye kompyuta hizo wana shauri la kukata: wanunue mpya, waongeze muda mfupi wa matunzo, au waingize Linux. Na ukinunua kompyuta iliyotumika, jambo hili lakuhusu moja kwa moja. Lakini kumbuka, mkalimani hamwongezei punda nguvu. Kompyuta ambayo kadi yake ya picha haiijui Vulkan haitapata faida ya DXVK, hata ukiisihi vipi.

Sasa tuje kwenye mwiba. Michezo mingi ya kuchezwa na mtu mmoja peke yake huenda vizuri katika Linux siku hizi. Shida kubwa iko katika michezo ya mashindano, ambapo watu hushindana kwa njia ya intaneti. Huko wako wadanganyifu. Mtu hutia programu ya siri imwonyeshe adui aliye nyuma ya ukuta, au imlengee shabaha. Kwa hiyo watengenezaji huweka mlinzi ndani ya mchezo. Walinzi wengine hutaka kuingia mpaka chumbani kwa msimamizi wa Windows ili wachungulie kila kitu. Mlinzi wa namna hiyo hana mkalimani, maana Linux haina chumba kile anachokitafuta.

Mwaka 2021 walinzi wawili wanaotumika sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walikubali kufanya kazi pamoja na Proton. Lakini ruhusa ilibaki mikononi mwa kila mtengenezaji wa mchezo. Wengine walikubali. Wengine walikataa. Fortnite haikuingia. Valorant haikuingia. League of Legends ilikuwa ikichezwa katika Linux kwa njia ya Wine, lakini mwaka 2024 ilipata mlinzi mpya, na mlango ukafungwa. Apex Legends ilichezeka katika Linux, kisha tarehe 31 Oktoba 2024 ikafungwa vile vile.

Tuwasikilize pande zote mbili kwa haki. Wenye Apex Legends walisema kwamba Linux imekuwa njia ya wadanganyifu, kwa kuwa uwazi wake huwawezesha kujificha. Wachezaji wa Linux walijibu kwamba wadanganyifu wamejaa hata katika Windows, na kwamba wanaadhibiwa watu wema kwa makosa ya wachache. Pande zote mbili zina la kusema. Lakini ona ni nani aliyekata shauri. Mchezaji hakuulizwa.

FUNGU LA SITA: UFUNGUO

Sasa tumefika katika swali letu la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza. Ukinunua jembe dukani, muuzaji hawezi kuja usiku akalichukua. Je, ukinunua mchezo wa kompyuta?

Mwaka 2020 wenye mchezo wa Rocket League waliacha kuutunza katika Linux na katika kompyuta za Mac. Watu walikuwa wamelipa. Wenye mchezo walitoa nafasi ya kurudishiwa fedha kwa waliounulia katika Steam, na hilo ni jema. Lakini funzo ni hili: kitu kilicholipiwa kiliweza kupungua thamani kwa tangazo la upande mmoja.

Mwezi wa Oktoba 2024 Steam ilianza kuonyesha ilani mahali pa kulipia. Ilani hiyo humwambia mnunuzi kwamba anachonunua ni leseni ya kutumia. Yaani unanunua ruhusa ya kuingia. Nyumba yenyewe haiwi yako. Ilani hii ni njema, maana yasema kweli. Shida ni kwamba wengi hubonyeza bila kusoma. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, baada ya kazi ya mchana na kwa taa ya usiku, usifanye hivyo. Kusoma ilani kabla ya kulipa ni sehemu ya matunda ya kisomo.

Yako maduka yanayouza kwa njia nyingine. GOG, lililoanzishwa nchini Poland mwaka 2008, huuza michezo isiyo na kufuli. Waweza kuweka faili zake katika ghala yako na kuutumia mchezo bila kuomba ruhusa tena. Lakini si michezo yote ipatikanayo huko.

Na iko hatari nyingine ambayo wapenzi wa Linux wenyewe husahau. Sehemu kubwa ya maendeleo haya yametegemea kampani moja, Valve. Kigoda cha mguu mmoja huanguka upesi. Kama Valve ingebadili nia, je, kazi yote ingepotea? Hapana, si yote. Wine, DXVK na Proton ni programu huria, na wengine waweza kuziendeleza, kama SDL ilivyoendelea baada ya Loki kufa. Lakini duka la Steam si huria, na michezo iliyomo si huria. Kwa hiyo mtumiaji wa Linux yu katika nyumba yake mwenyewe, lakini vyombo vyake vingi ni vya kukodi. Ni afadhali kuliko kukodi vyote. Lakini si sawa na kumiliki vyote.

Tena lipo shauri ambalo mafundi hawajapatana. Wengine wasema kwamba mkalimani akiwa hodari mno, hakuna mtengenezaji atakayejifunza lugha ya Linux. Wengine hujibu kwamba michezo ya zamani iliyotengenezwa kwa Linux hasa, kama ile ya Loki, mara nyingi huwa shida kuianzisha leo kwa sababu viungo vya Linux vimebadilika, na ile ya Windows ya miaka hiyo hiyo huamka kwa msaada wa Wine. Jadilianeni darasani. Shauri hili halina jibu moja.

KABLA YA KULIPA

Yaandikeni haya katika daftari zenu.

Moja. Taja mchezo hasa unaoutaka. Usiulize, "Je, Linux ina michezo?" Uliza, "Je, mchezo huu unachezeka katika Linux?" Steam huweka alama kwa michezo iliyopimwa katika Steam Deck: uliothibitishwa, unaochezeka kwa marekebisho kidogo, na usiofaa. Soma alama hiyo.

Mbili. Kama ni mchezo wa mashindano, uliza habari za mlinzi wake. Kama mlinzi haikubali Linux, usitupe fedha yako.

Tatu. Pima nguvu za kompyuta, hasa kadi ya picha.

Nne. Soma masharti ya kurudishiwa fedha. Kwa kawaida Steam hukubali kurudisha fedha ikiombwa katika siku 14 tangu kununua, na kama mchezo haujachezwa kufika saa mbili. Basi ujaribu mapema.

Tano. Andika ulichonunua, tarehe na bei. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mfumo endeshi: programu inayosimamia kompyuta nzima.
Programu huria: programu ambayo watu wote waruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuigawa.
Leseni: ruhusa iliyoandikwa, yenye masharti.
Mufilisi: mtu au kampani isiyoweza kulipa madeni yake.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini Loki ilishindwa, na kwa nini SDL haikufa pamoja nayo?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kazi ya mkalimani katika kompyuta.
3. Rudia ile hesabu ya dola. Sasa tuseme wanunuzi wa Linux ni sita katika kila 100. Je, mwenye mchezo angepata faida au hasara? Kiasi gani?
4. Mwenye mchezo ana haki ya kuufunga baada ya watu kulipia? Kila mmoja atoe shauri lake, na mwingine ampinge kwa adabu.

Ndugu wanafunzi, saa yetu imekwisha. Nyumbani msomeeni kijana mmoja mafungu mawili ya somo hili, la tano na la sita, naye awaelezee michezo anayoijua. Huenda yeye ajua kucheza kuliko wewe. Wewe utamwonyesha mahali palipoandikwa masharti.

Kwa herini, na jifunzeni vema.